Mmekikalia Matanga Chuo Kilicho Hai

Nyie wasomi hamna haya! Watu wazima, mna miwani na shahada, mnakaa mkekani kupokea pole za uongo! Wasomaji wangu, someni kwanza barua ya huyu bwana, halafu mniachie mimi.

"Bibi Mwanamvua, shikamoo. Naomba msaada, nimekwama. Mimi ni mkuu wa chuo kikuu kimoja kidogo hapa Nachingwea, ni mgeni, kwetu Same, na mwaka huu tunagombania wanafunzi na wenzetu wa Ruangwa, sasa ofisa mipango wangu, Makrina, alirudi kutoka semina Dar akasema chuo kinachotaka kushinda lazima kione majanga kabla hayajafika na kiyafanyie mazoezi, nami nikakubali, tukachagua janga kubwa kuliko yote, chuo kufa, tukabandika tangazo getini kwamba chuo kimefungwa moja kwa moja, bila kumwambia mtu kuwa ni zoezi, ili tuone watu watafanyaje, na kabla ya adhuhuri mpishi wetu Bi Ashura akaangua kilio, akina mama wakaja na unga na kuni, mikeka ikatandikwa uwanjani, Mzee Sultani, jirani yetu, akaniuliza, 'Mkuu, kiliugua muda mrefu?' nikataka kusema ukweli lakini Makrina akaninong'oneza, 'Usivunje zoezi, Mkuu, bado tunakusanya matokeo,' basi nikajibu, 'Kilianguka ghafla,' na siku ya tatu wale wa Ruangwa wakaja na lori kuhani msiba, wakasema hawawezi kuwaacha yatima wa marehemu wahangaike, wakapakia wanafunzi wote, Bibi, nami nikawashukuru! Sasa nikiwapigia simu wanirudishie, wananiambia, 'Pole sana mzee, msiba umekuchanganya.' Muhula unaanza Jumatatu na sina hata mwanafunzi mmoja. Nifanye nini?

Elineema, Nachingwea."

Marahaba. Pole nakupa moja tu, kwa ugeni wako. Nyingine ulishazila mkekani pamoja na ubwabwa wa watu.

Mimi nilitoka shule darasa la pili, lakini nalima. Kuona mbele ni kulinda mihogo kabla nguruwe hawajaingia. Wewe umewafungulia nguruwe ili uone wanakulaje! Na sisemi watu wa Ruangwa ni nguruwe, nina wakwe huko. Wao usiwalaumu. Walikuja kama ndugu, na kama walikuwa na hila, wewe ndiye uliyewapakilia wanafunzi kwenye lori. Huyo Makrina naye bado anakusanya matokeo? Mwambie yametimia.

Sasa sikia. Tangazo ling'oe leo. Chinja mbuzi, waite wale akina mama, Mzee Sultani asome dua, matanga yaondolewe na mikeka irudi kwa wenyewe, maana kila apitaye akiiona hapo anajua mngali na msiba. Ila usithubutu kusema chuo kimefufuka! Nani wa huko kijijini Matambarale atamleta binti yake kusoma kwenye mzimu? Sema hakikufa.

Kesho alfajiri nenda Ruangwa, wewe na Makrina, si kwa simu. Simama mbele ya wanafunzi wako useme, "Niliwadanganya." Usiliongezee Kiingereza. Wakicheka, ngoja wamalize. Kisha waombe warudi, na lori ukodi wewe.