Siku Mtani Wako Alipokuamkia

Ni mwaka mmoja sasa tangu kikohozi chako kinyamaze, Baba, na sisi bado tunakisikilizia. Mtu akikohoa hapa Kigwa, hata awe mpita njia, tunatazamana.

Tunakukumbuka, Wilbroad Masolwa, ukirudi kutoka porini kwenye mizinga yako, unanuka moshi na asali. Sega la kwanza halikuingia ndani kwako. Lilikwenda kwa majirani wenye watoto wadogo. Mama alinuna kila mwaka, na kila mwaka ulimwambia nyuki hawajafunga kazi. Sigara hukuijua kabisa.

Tunakukumbuka zaidi ukitaniana na Mabruki, Mzaramo wetu anayeuza dagaa stesheni. Miaka yote hiyo hakuwahi kukupa salamu ya adabu. "We Mnyamwezi, mpagazi wa misafara, mzigo wa babu yangu uliufikisha Pwani au uliula njiani?" Nawe ulimjibu kwamba akifa utarithi dagaa wake wote, maana hana kingine. Wageni walidhani mnagombana.

Kisha daktari wa Tabora akatazama picha ya kifua chako, akasema ni saratani ya mapafu. Nyumbani hakuna aliyethubutu kulitamka neno hilo. Mama alisema macho ya mtu mmoja yanaweza kukosea, tutafute daktari mwingine. Daktari yule mwenyewe hakukasirika, akatuelekeza Dar es Salaam. Tukaanza kuomba iwe kifua kikuu. Baba, tulisali rozari tukiomba kifua kikuu!

Siku ya safari Mabruki alikuja stesheni. Tulikuwa tunangoja matusi yake. Akavua kofia, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee." Na nyinyi mlikuwa rika moja! Ulimtazama mpaka treni ikapiga honi. "Mabruki," ukasema, "umeshanizika?" Akarudi kwenye dagaa wake. Njia nzima ulikuwa ukisema huyo Mzaramo amekutisha kuliko daktari.

Dar walikuchoma sindano kifuani wakatoa kinyama kidogo cha kupima, tukangoja majibu. Tuliogopa, Baba. Tulikuwa tunakula bila kujua tunakula nini, na simu ikilia hakuna aliyetaka kuipokea. Daktari wa pili, mama mmoja mpole, alisema yale yale ya Tabora, na kwamba ugonjwa umeshaenea. Sisi tulilia. Wewe ulimuuliza swali ambalo kumbe ndilo lililokutesa siku zote: "Nitakufa nimekabwa, mwanangu?" Akakushika mkono. "Tutajitahidi usikabwe, baba. Dawa ya kutuliza pumzi ipo, utakwenda nayo nyumbani." Usiku huo ulilala kuliko sisi sote.

Tuliporudi, Mabruki alikuwa amesimama mbali, kofia mkononi. Ukamfokea kutoka mlangoni pa behewa, kwa pumzi ile ile iliyobaki: "We Mzaramo! Natoka kwenu Pwani, hata mzigo hunipokei?" Akacheka huku machozi yakimtoka, akasema hajapata kuona mpagazi anayebebewa. Tangu hapo alikuja kila siku kukutukana kitandani, na siku alizochelewa ulimuulizia.

Siku yako ya mwisho pumzi ilikuwa fupi, lakini hukukabwa. Daktari yule wa Dar alisema kweli. Mabruki alikaa karibu nawe, akaanza utani, akashindwa kuumalizia. Akavua kofia akasema taratibu, "Shikamoo." Safari hii hukumgombeza. Uliinua mkono kidogo, ukaitikia: "Marahaba." Hatukusikia neno lako lingine.

Wanaokukumbuka ni wanao Consolatha, Damas na Gerson, wajukuu zako, mtani wako Mabruki, na mkeo Recheli, ambaye tangu mwezi jana anakohoa. Yeye anasema ni moshi wa kuni. Jumatatu tunampeleka Tabora akapigwe picha ya kifua, na usiku hatulali. Mabruki atatusindikiza stesheni. Tumemwomba jambo moja tu: asithubutu kumwamkia.

Daima tunakukumbuka, Baba. Tuombee.