Tundu Ndilo Linaloonyesha Kifungo

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Mbagala hatujambo, magoti ya babu yako yamepata nafuu.

Unaniuliza kama uache utafiti, maana protini za minyoo unaowachunguza zinakaa kombo pale neva mbili zinapopashana habari. Mie nilipoanza ushonaji, shati la kwanza nilishona vifungo kwa kukisia. Mwenyewe alipolivaa likakaa upande, akacheka. Nikavifumua vyote! Nikalaza pande mbili za shati pamoja, nikachoma pini kupitia kila tundu. Pale pini ilipotua upande wa pili, ndipo nikashona kifungo.

Basi usiikazie macho protini tu, iulize na neva ya jirani, huenda ndiyo tundu linaloonyesha protini ikae wapi. Kuacha, hapana. Yule aliyecheka ndiye babu yako. Jumapili alilivaa tena shati lile, na vifungo havijang'oka.

Bibi yako