Bangili ya Baba Asia

Baba Asia,

Uji uko kwenye chupa. Kunywa kidogo kidogo. Nimekwenda mwaloni Katonga kuchukua samaki uliowaacha ulipoanguka asubuhi.

Bangili yako ya hospitali hii hapa, ile yenye maandishi ya kuwaonya waganga kuhusu upasuaji wako, uliyoificha kabatini ukisema ni ya kike. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameshavuta sindano ya diklofenaki akutulize maumivu ya mgongo, nawe hoi hujiwezi kusema. Sefu, mwenzako wa kazi aliyekupeleka, alimwambia ulipasuliwa ngiri, maana ndivyo ulivyomdanganya. Nilipofika nikasema ukweli: ulipasuliwa kupunguzwa tumbo la chakula ili upungue unene, dawa hiyo itakuletea vidonda vya tumbo.

Sefu alisikia. Hakucheka kama ulivyoogopa. Aliniuliza atampatia wapi mama yake mwenye kisukari bangili kama hiyo.

~~Nikirudi nisiione mkononi, nakwenda kwetu Kalinzi.~~

Ivae, tafadhali. Niliogopa sana.

Mama Asia