Sifuri Niliyomwandikia Nalotuesha

Kitengela,
Agosti 17, 2003.

Kwako Baba mpendwa,

Mulembe, Baba. Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima na goti limeacha kukusumbua. Mahindi yameanza kukomaa? Mimi niko salama, ila niko na hasira na nimekosa wa kumwambia.

Ile kazi ya utafiti bado naifanya. Tunatembelea akina mama wenye saratani ya matiti, kutoka hapa hadi Mashuuru, tukiwauliza ugonjwa umewafanya nini. Swali la kumi na nne ni la maumivu, sifuri hadi kumi. Anayefikisha tano anapewa karatasi ya kumwona muuguzi wa dawa za maumivu. Hiram, msimamizi wetu, anajua fomu tu. Ukirudi jioni anazihesabu kabla hajakuuliza kama umekula.

Mwezi wa sita nilifika kwa Nalotuesha, ndani ndani huko Kisaju. Mume wake, Mzee Simel, alinipokea vizuri sana, nikapewa kiti na chai, halafu akajibu maswali yote yeye. Kwao mgeni wa karatasi huongea na mwenye boma. Namuuliza mama, anajibu mzee. Alisema mke wake yuko sawa, bado anakamua ng'ombe wote. Nikaandika sifuri.

Wiki jana nikakutana na Nalotuesha sokoni, akiwa peke yake na maziwa yake. Nilimsalimia kwa Kimaasai, takwenya, akaitikia iko, kisha akanishika mkono akaniuliza mbona siku ile sikumuuliza yeye. Alisema anakamua kwa mkono mmoja tangu Machi, na ule mwingine hata shuka likiugusa anauma meno. Nikamkimbilia Hiram. Akasema fomu zilishatumwa Nairobi, na mgonjwa wa sifuri hapewi karatasi. Jameni, Baba! Nilimweleza mara tatu. Alichojali ni kwamba tukirekebisha moja, wakubwa watauliza kuhusu zingine.

Sasa nikuambie lile linaloniuma zaidi. Siku ile niliuona huo mkono. Alinimiminia chai kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba chini ya shuka. Niliuona na bado nikaandika sifuri, kwa sababu mzee alikuwa ameshasema, na mimi nililelewa hivyo, mzee akisema imekwisha. Mwaka wa tisini na sita, daktari alipomuuliza Mama kama anaumwa, ulijibu wewe, Baba. Ulisema ni uchovu wa shamba. Mimi nilikuwa nimeketi hapo nimeshika mkoba wake, na ndani yake kulikuwa na pamba ya kidonda cha titi niliyomsaidia kubadilisha asubuhi hiyo. Nikanyamaza. Miaka saba nimekulaumu wewe peke yako kwa kifo chake, na sikukutendea haki.

Kesho nampeleka Nalotuesha kliniki, karatasi au bila karatasi. Hiram amesema nikienda nisirudi kazini. Mzee Simel amekubali, ila anataka kuja pia. Nimemwambia aje, lakini mimi na yeye tutaketi nje mpaka mama amalize kujibu.

Nisalimie ndugu yangu Sydney na majirani wote. Najua barua zako huziandika yeye. Hii nijibu mwenyewe, Baba, hata kama ni mistari miwili.

Ni mimi binti yako,
Lorine