Vipimo Nilivyovipaka Rangi

Jumatatu, 3 Machi
Baba Nekesa,
Nimefungua kibanda saa moja. Nimefua jiko moja la makaa kwa nyundo yako, limepinda. Mteja mmoja tu, naye alikuwa anauliza njia ya soko la Gikomba.
Kisha ujumbe kwenye simu yako. Ule mkopo wa kijani uliouomba kabla hujafa, wa mafundi wanaopunguza ukataji miti, bado uko wazi. Wanataka vipimo: jiko letu linaokoa makaa kiasi gani. Mwisho Jumatatu ijayo. Bila mkopo sina kodi, na kibanda kinapewa mtu mwingine.

Jumanne, 4 Machi
Vipimo vyako ulikuwa ukiviandika kwa penseli ukutani nyumbani, nyuma ya mlango. Miaka miwili. Nilivipaka rangi. Mimi mwenyewe. Wageni wa matanga walikuwa wanakuja, nikaona aibu ya ukuta mchafu.
Nimekwangua kwa kisu mpaka plasta ikatoka. Hakuna kitu. Nimekaa sakafuni.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda mtaa wa Donholm kwa Mwende, msichana wa chuo anayekagua maombi ya mkopo. Nikamweleza ukuta. Hakucheka.
"Mama, simu haijui machozi. Inataka namba. Pima upya."
Nikamwambia aliyejua kupima amekufa. Akasema elimu hiyo sasa inafundishwa, hata yeye ameisomea hapa hapa nchini. Akanionyesha. Jiko la zamani na letu, chakula kile kile. Pima makaa kabla, pima yaliyobaki. Siku tatu. Piga picha ya mizani. Simu yenyewe itaandika saa na mahali.
Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepimia kwa Mama Atieno, muuza githeri ya mahindi na maharagwe. "We Mama Nekesa, unapima makaa yangu ama unayaiba?" Watu wakacheka. Baadaye akanipa chai. Picha zimetoka.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Simu imezimika katikati ya kupima. Picha za leo hakuna. Nimelia mbele ya wateja. Sina nguvu tena.
Mama Atieno akamwaga maharagwe mengine sufuriani. "Nyamaza. Tunapika tena. Leo wateja watakula mpaka wakimbie."

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya tatu imeisha. Jiko lako linakula makaa karibu nusu ya lile lingine. Ulisema hivyo hivyo, nami nikadhani unajisifu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetuma. Fomu iliuliza jina la fundi. Nikaandika lako, ikakataa. Lazima awe hai. Nikafuta herufi moja moja. Nikaweka langu. Imeniuma kama siku ya kukuzika.
Chini kulikuwa na nafasi ya jina la jiko. Hapo nimekuweka.
Jibu bado. Nimefagia kibanda, nyundo nimeiacha upande wako. Nyumbani, ukutani nyuma ya mlango, nimeandika vipimo vipya, kwa penseli.
Huko uliko, nikumbuke.