Ulimi wa Kuonjea Asali

Jumatano, 2 Juni 1993
Chai bila sukari, siku ya kumi na tatu. Bado naichukia. Miaka ile ya foleni nilipanga mstari tangu alfajiri kwa kilo moja ya sukari. Leo maduka ya Singida yamejaa sukari, na mimi ndiye nimekatazwa. Mama Zuhura kanipimia ugali wa uwele kwa ngumi yake, si yangu. Mke wangu ana ngumi ndogo sana.

Alhamisi, 3 Juni
Kliniki ya kisukari. Sista alichemsha mkojo wangu na ile dawa ya bluu. Ikibaki bluu, salama. Yangu iligeuka rangi ya tofali. Tarehe 24 ikiwa bado hivyo, naanza sindano za kila siku. Naogopa sindano kuliko nyoka. Aliuliza kama kuna kitu kitamu nakula. Nikaapa hakuna. Mama Zuhura akanitetea.

Jumatatu, 7 Juni
Lori la Rungwa limefika. Madebe thelathini na mawili ya asali. Nimeonja yote, kidole kimoja kila debe, kama ninavyofanya tangu serikali ituachie watu binafsi tununue wenyewe. Kuonja si kula. Na kutema asali mbele ya mtu aliyeumwa na nyuki akiirina ni tusi. Mjini hapa hakuna ulimi kama wangu. Asali iliyochanganywa na sukari naikamata mara moja.

Jumanne, 8 Juni
Kiu. Nimeamka kukojoa mara nne. Ugali wa ngumi, mlenda, soda sigusi. Sijui nakosea wapi.
Najua. Sitaki kuandika.

Ijumaa, 11 Juni
Mama Zuhura kanifuma stoo, kidole mdomoni. Hakugomba. Alileta kikombe cha chai, akaniamuru nichovye kidole kwenye debe na kukifutia kikombeni, mara thelathini na mbili. Kikombe kikafika nusu.
"Baba Zuhura, hii ndiyo kuonja?"
Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto.

Jumatatu, 14 Juni
Mzigo mwingine. Mimi kwenye kigoda, Mama Zuhura anaonja. Miaka ishirini namwambia ulimi wake ni wa kuonjea chumvi ya maharage tu. Wauzaji wakawa wanachekea mikononi. Debe la tano, la Njiku, akalisukuma kando.
"Hili lina sukari."
Nikabisha. Njiku ni muuzaji wangu wa siku zote. Nikanyoosha kidole nionje, nimkomeshe. Kidole kikabaki hewani. Nikakirudisha mfukoni.
Njiku akainama, kisha akacheka, akakiri. Hata msimu uliopita alichanganya. Yale madebe niliyapitisha mimi, tena kwa kuyasifia.

Jumamosi, 19 Juni
Wauzaji wakifika wanasema, "Shikamoo mzee, mama yupo?" Inauma kidogo. Ila usiku sikuamka hata mara moja.

Alhamisi, 24 Juni
Bluu. Ina ukijani kidogo kwa mbali, lakini sista kasema ni bluu. Sindano hakuna. Nimetoka pale natembea kama bwana harusi.
Jioni Mama Zuhura kaleta chai. Nimeinywa polepole. Nikasikia iliki. Nikamwuliza kaanza lini kuweka iliki.
Kasema tangu wiki tuliyooana.