Siku Tatu Nilizonadi Kitabu cha Zuberi

Jumatatu, 3 Juni

Jua kali. Foleni ya sukari imefika hadi mezani kwangu, nikaigeuza wateja. Nasoma sentensi ya kwanza kwa sauti, nafunga kitabu. Wanauliza, "Halafu?" Nanyoosha mkono wa hela. Ndiyo biashara yangu. Kariakoo nzima wananiita Bi Halafu.

Hadithi za vijana haziuzwi na jalada. Ni sentensi moja tu. Ikimshika mwanafunzi, hata nauli anaitoa, anarudi Buguruni kwa miguu. Katika kila hadithi kumi, saba zinaanza na jua kuchomoza. Hizo naziweka chini ya meza.

Zuberi kimya tangu masika. Yuko Tanga anamalizia kitabu. Alisema kikitoka, tunaoana.

Jumatano, 5 Juni

Kimetoka! Hakuniandikia. Nimekikuta mwenyewe kwenye bunda la duka la jumla. Nimechukua nakala thelathini. Nikafungua pale pale sura ya kwanza, kama kawaida yangu.

"Siku tuliyomzika mama, baba alinituma chumvi."

Yangu hiyo. Nilimwambia mimi, akila ugali chumbani kwangu. Yeye alikuwa ameanza na jua kuchomoza. Nikamwambia, futa. Nikampa hiyo. Mtu mwingine sijawahi kumwambia.

Nimelia sokoni. Furaha.

Ijumaa, 7 Juni

Zimeondoka kumi na tisa. Nikiisoma tu, foleni inanyamaza. Bi Mwanahawa, jirani yangu anayeuza vikapu, akapiga kelele: "We Bi Halafu! Leo unasoma kama bibi harusi!"

Nikamjibu, "Bado kidogo, dada."

Nimelisema hilo mbele ya watu.

Jumamosi, 8 Juni

Msichana wa shule, sare imepauka, kandambili za rangi mbili. Hana hela, ila anasimama hapa kila siku. Akafunua kurasa za mwanzo. Mimi hizo siku zote naziruka, hakuna anayenunua kitabu kwa ajili ya hizo.

"Shikamoo, Bi Halafu. Kumbe jina lako Rehema?"

"Marahaba. Nani kakwambia?"

Akanionyesha. *Kwa mke wangu Rehema, aliyenipa maneno.*

Mimi si Rehema. Nikakaa chini. Bi Mwanahawa akaja na maji, akauliza nini. Nikasema ni jua tu.

Siku tatu nimekinadi. Kwa sauti. Ukurasa ule uko pale pale, kurasa mbili kabla ya sentensi yangu.

Jumapili, 9 Juni

Sikuenda kanisani. Sikula.

Meza ile niliianza na vitabu vitatu vya mitumba. Hakuna aliyenishika mkono. Najua mteja atakayenunua kabla hajafungua mdomo. Mwanamume aliyekula kwangu miaka minne sikumjua.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekisoma chote. Ndani yake binti anarudi na chumvi, baba anamkumbatia, wanalia wote, wanapika.

Uongo.

Kuoa ameoa, basi. Linaloniuma ni lingine. Wageni wanasimama juani wananiuliza, halafu? Watoto wananiuliza. Zuberi aliisikia sentensi ile, akaomba kalamu. Hakuniuliza kilichofuata. Hata siku moja.

Jumanne, 11 Juni

Mawingu. Wateja wachache. Nakala kumi na moja zimebaki. Sikuzificha.

Msichana amekuja tena. Akaomba nimsomee ile ya chumvi. Nikasoma. Sauti ilitoka, ya chini.

"Halafu?"

Sikunyoosha mkono. Nikamwambia. Niliinunua chumvi. Nikarudi nayo hadi mlangoni. Ndani baba alikuwa anafoka kwamba mchuzi unapoa. Nikaiweka kizingitini, nikaondoka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mpaka leo sijui nani aliiokota.

Akauliza, "Imo humu?"

"Haimo."

Akakirudisha kitabu mezani, taratibu. Tukakaa wote kwenye boksi mpaka manyunyu yakaanza. Akanisaidia kufunika vitabu.